Barua ya Mama Neema ya Kukataa Pensheni

Muhuri nimeuacha droo ya pili, upande wa kulia, ndani ya kopo la biskuti. Wino wake umebaki kidogo, kwa hiyo upulizieni pumzi ya moto kwanza kabla ya kugonga. Nasema hivi mapema kwa sababu nawajua: mtalifungua lile kopo, mtaucheka muhuri, kisha mtautupa, maana siku hizi kila kitu kinapokelewa na kompyuta. Msiutupe kabla hamjasoma haya hadi mwisho. Katika miaka ishirini na miwili ulinitia aibu mara moja tu, lakini aibu yenyewe ilitosha kugawiwa ofisi nzima na ikabaki.

Mmeniomba niandike kuhusu kazi. Kupandishwa cheo sitakuelezeni. Nilipandishwa mara moja, na tofauti pekee niliyoiona ni kwamba nilipewa kiti kinachozunguka. Nitaeleza nilivyoanza, nani alinifundisha, na jambo moja ambalo mpaka leo sijalielewa sawasawa ingawa nililipwa kulielewa.

Kwa wale mlioajiriwa juzi: mimi ni Tatu binti Ramadhani, mzaliwa wa Tabora, mkazi wa Husby, huku kwa Waswidi. Nilianza katika kampuni hii nikiwa na ndoo na dekio, nikisafisha ngazi za shule huko Rissne. Nyumbani nilikuwa nimesomea kutunza hesabu, na hapa nikasoma tena masomo ya jioni, maana cheti cha Tabora walikitazama kwa heshima kubwa wakanirudishia. Siku moja mwenye kampuni akasikia kwamba kuna mfagiaji anayejua kutunza vitabu vya hesabu. Jumatatu iliyofuata nikakuta nimewekwa ofisini, kwenye vile vyumba viwili vya chini ambavyo dirisha lake halionyeshi chochote isipokuwa miguu ya watu wanaokwenda kituo cha treni. Nilijifunza kuwatambua wafanyakazi wetu kwa viatu kabla hawajagonga mlango.

Aliyenipokea alikuwa Gunvor, Mswidi wa makamo, mrefu, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Siku ya kwanza hakunionyesha kompyuta. Alinionyesha vitu vitatu: rula ya mbao, kitoboleo cha matundu manne na muhuri wa tarehe. Rula ilikuwa ya kuwekwa chini ya mstari unaousoma, jicho lisije likaruka na kumpa Petro mshahara wa Paulo. Kitoboleo kilikuwa cha majalada. Muhuri ulikuwa wa karatasi zote zinazoingia. "Karatasi isiyo na matundu haipo," aliniambia, "na isiyo na tarehe haijafika." Akanipa sheria yake moja: karatasi igongwe muhuri siku inapoingia, na ipate jibu kabla ya kahawa ya Ijumaa. Nusu ya kwanza ya sheria ile niliishika vizuri sana.

Kazi yetu ilikuwa na vichekesho vyake. Kulikuwa na bwana mmoja wa Burundi aliyeandika jina lake kwa namna tatu, na kila namna ilikuwa sahihi kwa sababu ilitoka kwenye hati halali. Kulikuwa na kijana wa Kampala aliyetaka mshahara wake uingie kwa shangazi yake, kwa kuwa yeye mwenyewe, alisema, hajiamini. Chumba cha chakula kilijaa Mombasa, Mwanza, Bukavu na Bujumbura, na kila mmoja alidai Kiswahili chake ndicho chenye afya. Kiswidi tulikitoa kabatini mwenye kampuni akiingia, na akitoka tukakirudisha.

Humo ndimo nilimofahamiana na Mama Neema. Alitoka Bukavu. Alifika hapa mjane, na binti yake mmoja, Neema, akiwa bado ananyonya. Alisafisha ofisi za Kista, na katika miaka yote sikumwona akichelewa hata siku moja, wala theluji haikumpa udhuru. Alinizidi miaka mitatu. Nilipomwamkia shikamoo mara ya kwanza aligeuka nyuma kuona ninamsalimu nani. "Kwetu tunasema jambo tu," aliniambia, "inatosha." Tangu siku hiyo akawa ananiita dada, na mimi nikamfanya dada mkubwa, ingawa hatukuwahi kulisema.

Bega lake la kulia lilikuwa linamsumbua tangu zamani. Alikuwa na mpango mmoja maishani na aliutaja mara kwa mara, jinsi mtu anavyotaja jina la mtakatifu wake: akifika umri wa kuacha kazi, siku hiyo hiyo anaacha, anahamia Södertälje karibu na Neema, anapakata wajukuu. "Bega hili limebaki na kazi moja tu," alikuwa akisema, "kubeba mutoto."

Sasa nifike kwenye pensheni. Mimi niliielewa kwa vikombe, kwa hiyo na nyinyi nitawapa vikombe. Siku moja wakati wa kahawa Gunvor alipanga mezani vikombe vitatu. Kikubwa, akasema, ni cha serikali, kila anayefanya kazi anajaziwa. Cha kati ni cha kazini: mwajiri mwenye mkataba na chama cha wafanyakazi anakijaza juu ya mshahara. Kidogo ni chako mwenyewe, unajaza benki kwa hiari. Kisha akakichukua kile cha kati akakifudikiza. "Sisi hatuna hiki," alisema. Na kweli, kampuni yetu wakati huo haikuwa na mkataba wowote.

Zamani, akaendelea, kila mtu aliyejaza kikombe chake kidogo alipunguziwa kodi. Baadaye serikali ikaiondoa nafuu hiyo kwa wafanyakazi karibu wote. Ikabaki kwa wale tu ambao kazi yao haiwawekei pensheni kabisa. Hao waliruhusiwa kujiwekea hadi theluthi ya mshahara na kidogo juu yake, na kile wanachoweka hakikatwi kodi mpaka watakapokichukua uzeeni.

"Na mwenye kikombe cha kati?" nikauliza.

"Haruhusiwi. Kikomo chake ni sifuri."

"Hata kama kikombe chake kina kijiko kimoja tu?"

"Hata kijiko."

"Kwa hiyo mwenye kijiko na mwenye kikombe kilichojaa ni sawa?"

"Ni sawa kabisa," alisema Gunvor, akamimina kahawa katika kikombe cha kati akanywa.

Nilikaa nikivitazama vile vikombe. Nilidhani kikomo ni kitu kinachopungua polepole: ukiwekewa kidogo kazini, unapunguziwa kidogo upande wako. Kumbe ni mlango. Umo au humo. Nimewauliza watu wengi tangu siku ile kwa nini ni hivyo, wakanijibu vizuri sana, na kila nikitoka nje nakuta jibu limebaki ndani.

Hata hivyo kwa watu wetu habari ilikuwa njema, maana sote tulikuwa tumo. Nikachukua karatasi, nikaandika kwa kalamu nene, kwa Kiswahili: "Kazi yako haikuwekei pensheni? Jiwekee mwenyewe benki, hadi theluthi ya mshahara. Kodi yako itapungua. Mwenye pensheni ya kazi harusiwi." Niliandika "harusiwi", nikasahau herufi, na wenzangu wa Mombasa hawakuniacha nipumzike mwaka mzima. Nikaibandika kwenye mlango wa kabati la madekio, mahali ambapo kila mtu lazima apite.

Wengi waliisoma wakacheka, wakaenda zao. Mama Neema aliisoma, akaisoma tena kesho yake, na wiki iliyofuata alikuwa benki na Neema wakifungua akaunti. Neema alikuwa amekwisha kuwa binti mkubwa, anafanya kazi kwenye kiwanda cha dawa. Kila mwezi tangu hapo Mama Neema alijinyima akaweka. Sitasema ni kiasi gani, si chetu. Lakini koti lake la baridi nililifahamu kuliko langu.

Gunvor akastaafu. Aliniachia rula, kitoboleo na muhuri, akaondoka na kikombe kimoja. Mwaka uliofuata mwenye kampuni, baada ya kusumbuliwa sana na wateja waliotaka mambo yawe ya utaratibu, akatia saini mkataba na chama cha wafanyakazi. Tukala keki. Kuanzia mwezi ule kila mfanyakazi akaanza kuwekewa pensheni ya kazi. Niligawa karatasi za maelezo za Kiswidi, kurasa nane kila mtu, na kama kuna aliyefika ukurasa wa tatu, hajajitokeza.

Ile karatasi yangu ya kabatini niliisahau. Tulikwisha kuizoea. Karatasi ikikaa ukutani muda mrefu inakuwa ukuta.

Jumanne moja nikaona viatu vya Mama Neema dirishani. Aliingia na kifuko cha maandazi yenye joto na bahasha. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua, nakala mbili, zimeandikwa kwa wino wa buluu na mkono uliotulia. Juu kabisa aliandika kichwa cha barua kama walivyofundishwa shuleni kwao: "Objet: Kukataa pension ya kazi." Akaeleza kwa adabu kubwa kwamba anamshukuru Patron, yaani mwenye kampuni, kwa moyo wake, ila yeye hataki, na anaomba wampatie haki yake ya kubaki kama zamani.

"Mama Neema," nikasema, "hii ni nini?"

"Dada, umeandika wewe mwenyewe pale ku kabati. Mwenye iko na pension ya kazi, hana ruhusa. Basi mi naikataa, nibaki na ruhusa yangu."

"Lakini wanakuwekea bure. Haikatwi kwenye mshahara wako."

"Bure?" Alicheka bila furaha. "Bwana yangu, kule kwetu, kampuni ilimwambia vile vile. Miaka kumi na tisa banaandika jina yake mu kitabu. Siku alikufa nikaenda kuuliza, banipatia karatasi ya kusema pole. Ile ya benki naiona na macho yangu kila mwezi. Hii ya Patron nitaiona wapi?"

Akanisogezea nakala zote mbili.

"Piga cachet," akasema, yaani muhuri.

Nikapiga. Ndiyo kazi ya muhuri, karatasi imeingia, igongwe. Tarehe ikatoka vizuri, na juu yake neno la Kiswidi linalosema tu kwamba karatasi imefika. Nakala moja nikabaki nayo, ya pili nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipuliza wino ukauke, akaiingiza ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu.

"Aksanti, dada. Sasa tumemaliza."

Nyinyi mliozaliwa hapa hamtaelewa uzito wa kile kitendo, kwa hiyo nawaeleza. Huko tulikotoka, barua isiyo na muhuri ni maneno, na yenye muhuri ni jambo lililokwisha. Watu husafiri siku mbili kuufuata muhuri. Hakuna anayekugongea muhuri ili kukuambia "tumeona". Wakikataa, wanakurudishia karatasi yako tupu uende nayo. Mimi nililijua hilo kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Lakini nilikuwa nimekaa na muhuri wa Gunvor miaka mingi hata nikasahau kwamba Mama Neema hakukaa nao.

Barua ile niliiweka katika jalada nililoliita "Ya kuuliza". Ijumaa ikafika, tukanywa kahawa. Ijumaa nyingine ikafika. Nilikuwa sielewi niijibuje. Ndivyo nilivyojiambia, na ndivyo nilivyowaambia wengine baadaye, kwamba jambo lenyewe lilikuwa gumu na mimi nilichanganyikiwa. Jalada likajaa, nikafungua jingine.

Mama Neema akaendelea kuweka benki kila mwezi, na kila mwaka akijaza fomu ya kodi akadai nafuu yake. Mwaka wa kwanza ikapita, wa pili ikapita. Kimya cha ofisi ya kodi akakihesabu kuwa salamu njema. Akatoa taarifa kwamba anaacha kazi masika yanayokuja. Neema alikuwa mjamzito. Mama yake akanunua kiti cha kubembea akakiweka katikati ya sebule, kila mgeni akijikwaa.

Kisha ikaja barua. Walikuja nayo wawili, mama na binti. Mama nilimwona kwanza kwa viatu, na nikaona kwamba siku hiyo havikuwa na haraka.

Ofisi ya kodi ilisema hivi: mwajiri wake amekuwa akimwekea pensheni ya kazi miaka yote hiyo, kwa hiyo hakuwa na haki ya nafuu aliyoidai. Atalipa kodi ya miaka mitatu aliyopunguziwa kimakosa, na huenda na adhabu juu yake.

Mama Neema alitoa ule mfuko wa plastiki, akafungua zipu, akaweka nakala yake mezani. Muhuri ulikuwa bado mwekundu.

"Ile cachet," aliniuliza taratibu, "iko yako ao hapana?"

"Ni yangu."

"Nilikataa ao sikukataa?"

"Ulikataa."

"Mamma, det är bara en stämpel," alisema Neema, kwamba huo ni muhuri tu, haumaanishi kitu. Mama yake hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, maana nilikuwa naeleza huku najitetea. Nikasema mkataba ni wa kampuni nzima, mfanyakazi mmoja hawezi kujitoa, hata akiandika vizuri namna gani. Nikasema muhuri unaonyesha tu siku barua ilipofika. Nikasema na lile baya zaidi: zile alizoweka benki hazitoki zote kwa pamoja, na kila zikitoka zitakatwa kodi kama pensheni nyingine yoyote. Yaani sasa zinakatwa mara ya kwanza kwa sababu hakustahili nafuu, na zitakatwa mara ya pili kwa sababu ni pensheni. Neema akaniuliza kama hiyo ni haki. Nikamjibu kwamba ndivyo ilivyo, jibu ambalo nalichukia likitolewa na wengine.

Neema alikuwa ameshika simu. Aliingia mahali panapoonyesha pensheni zote za mtu, akasogeza kidole. Akamgeuzia mama yake kioo.

"Hii ni nini?" aliuliza Mama Neema.

"Ni ya kazini," nikasema. "Yote waliyokuwekea tangu mkataba ulipoanza."

"Ile nilikataa?"

"Ile ile."

"Na ni yangu?"

"Ni yako. Hakuna anayeweza kuichukua."

Haikuwa nyingi kama mlima, lakini haikuwa kijiko. Aliitazama muda mrefu. Sikujua nimpe pole au nimpe hongera, nikampa zote mbili pamoja, na hakupokea hata moja.

"Bwana yangu aliitaka, akaikosa," alisema mwishowe. "Mi nimeikataa, nimeipata. Hii dunia iko na kichwa chini."

Mngedhani mambo yangeishia hapo, afadhali ya huku ikifidia hasara ya kule. Lakini ile ya kazini hutolewa kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, na kodi inatakiwa mara moja, na za benki hazigusiki kwa mkupuo. Vikombe vitatu mezani na kiu iko palepale. Mama Neema akaondoa taarifa yake ya kuacha kazi. Akarudi Kista na dekio lake, majira yote ya baridi, na lile bega. Neema alijifungua mwezi wa kwanza. Bibi alikuwa anamwona mjukuu Jumapili, akienda na treni ya asubuhi na kurudi jioni ili awahi kazi.

Nilifanya niliyoweza, nikiwa nimechelewa. Niliiandikia ofisi ya kodi nikakiri kwamba karatasi ya kabatini ilikuwa yangu na kwamba barua yake haikujibiwa kwa uzembe wetu. Wakaondoa adhabu. Kodi ikabaki. Nikaenda kuibandua ile karatasi, rangi ya mlango ikatoka nayo. Hicho kiraka mnachokiona pale kabatini, ndicho hicho.

Mama Neema hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alianza kunisalimu kwa Kiswidi. Asubuhi akipita, "hej", jioni akitoka, "hej då". Mtu uliyezungumza naye Kiswahili miaka kumi na mitano akikuambia "hej", umefukuzwa nchi. Niliumia, na sikuwa na pa kuyapeleka maumivu hayo, kwa sababu mkosaji nilikuwa mimi. Masika yaliyofuata akaacha kazi kweli, akahamia Södertälje. Kwenye keki yake nilisimama nyuma, karibu na mlango.

Ikapita miaka miwili. Siku yangu ya mwisho mlikuwepo baadhi yenu: maua, hotuba, mwenye kampuni akiniita Tata badala ya Tatu. Mlipotawanyika nilibaki napanga droo. Nikaona viatu dirishani. Vilikuwa vipya, lakini mwendo niliujua.

Aliingia bila maandazi. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akafungua mkoba, akaniwekea mezani karatasi mbili. Wino wa buluu. "Objet: Swali." Chini yake mstari mmoja tu: "Ile siku nilileta barua, jibu ulilijua ao hukulijua?"

Chini ya mstari aliacha nafasi kubwa.

Nilikuwa na jibu tayari, nimelipiga pasi miaka mingi: jambo lilikuwa gumu, sheria zilibadilika, hata wataalamu hawaelewani, nilichanganyikiwa. Na ni kweli kwamba kikomo kile sikielewi mpaka leo. Sielewi kwa nini kijiko ni sawa na kikombe. Hilo nitakufa nalo.

Lakini hakuuliza hilo.

Ile Jumanne, maandazi yakiwa bado ya moto, yeye alipotoka tu, nilipiga simu kwa watu wa pensheni. Nikapokewa na kijana mwenye sauti ya mafua. Nikamwuliza, je, mfanyakazi anaweza kuikataa? Akasema hapana, mfanyakazi haulizwi, na tangu siku ya kwanza ya mkataba nafuu ya kodi imekwisha. Yote hayo kwa pumzi moja. Nikamshukuru. Nikaandika maneno yake kwenye kikaratasi, nikakibana nyuma ya barua yake kwa pini, nikafunga jalada. Kisha nikala andazi.

Sikumwambia kwa sababu alikuwa amesema tumemaliza. Kwa sababu alikuwa amenizidi miaka mitatu, na aliniletea chakula, na sikuwa na mdomo wa kumwambia dada mkubwa kwamba barua yake nzuri ni bure. Nikasema nitamwambia Ijumaa. Neno dogo tu, "haiwezekani", lingemponya na majira mazima ya baridi. Nililikalia kwa adabu.

Nikachukua kalamu. Nikaandika katika ile nafasi, kwenye nakala zote mbili: "Nililijua. Siku ile ile. Nisamehe." Nikatia saini, nikamsogezea.

Alisoma polepole, midomo ikicheza. Nilikuwa nasikia treni chini ya sakafu. Kisha akainuka, akazunguka meza mpaka upande wangu, akavuta droo ya pili, ya kulia. Akafungua kopo la biskuti. Alirekebisha tarehe kwa ukucha, gurudumu baada ya gurudumu, akaupulizia muhuri pumzi ya moto mara mbili, akagonga nakala ya kwanza, akagonga na ya pili, kwa mkono ule ule wa bega bovu.

Nakala moja akaniachia. Yake akaipuliza wino ukauke, akaiingiza kwenye mfuko wa plastiki, akafunga zipu.

"Aksanti, dada," akasema. "Sasa tumemaliza."